Fedha za Utamaduni: Tuanze na Wazee Walio Hai

Katika toleo hili naomba tuzungumzie jambo ambalo kwenye vikao vyetu vya mipango huwekwa mwisho wa ajenda, na mara nyingi muda huisha kabla halijafikiwa. Jambo hilo ni utamaduni wa watu wetu, na swali la nani agharimie kuutunza.

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita kamati ya usharika mmoja wa vijijini iliniletea andiko la mradi wa vijana. Ndani yake mlikuwa na ufugaji wa kuku, ushonaji na vikundi vya kuweka na kukopa. Mwishoni waliandika mstari mmoja: wazee sita kufundisha vijana nyimbo, hadithi na ngoma za asili. Bajeti ilikuwa imezidi, na mhisani alitaka tupunguze. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilisoma mstari ule nikauona ni burudani, nikaukata. Hakuna aliyelalamika. Mwaka uliofuata bibi mmoja kati ya wale sita alifariki. Yeye ndiye aliyekuwa akizijua nyimbo ambazo zamani akina mama waliimba wakimuusia binti anayekwenda kuolewa. Nilipohudhuria mazishi, binti zake waliniambia wanakumbuka mwanzo wa nyimbo zile tu. Kuku wa mradi ule walitaga, wakauzwa, wengine wakanunuliwa. Nyimbo hazikupatikana tena.

Tangu siku hiyo nimejaribu kujielimisha kuhusu fedha za utamaduni: zinatoka wapi, kwa nini hazitufikii, na sisi wenyewe tunaweza kufanya nini. Haya ndiyo niliyojifunza.

Tulicho nacho katika Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa mkoa una watu zaidi ya milioni 1.3. Kati yao, zaidi ya 219,000 wanaishi katika Mji wa Tunduma. Humu wamo Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba na Tunduma, Wandali na Walambya wa Ileje, Wawanda wa bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, na Wabungu wa Wilaya ya Songwe. Kila jamii ina lugha yake, nyimbo zake za kazi na za msiba, na namna yake ya kusuluhisha ugomvi.

Wanyamwanga ni mfano wa pekee. Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo letu mwaka 1890, mpaka ulipita katikati ya watu hawa. Leo ndugu wa ukoo mmoja wako Tunduma na wengine wako Nakonde, upande wa Zambia. Hata hivyo historia imewapa njia mbili tofauti. Zambia inawatambua machifu kisheria, nao wana baraza lao. Huko sherehe za jadi huwa na chifu wa kuzisimamia, na kampuni na Serikali hujua mlango wa kubisha wanapotaka kuchangia. Kwetu nafasi ya machifu katika utawala ilifutwa mwaka 1963 ili kujenga taifa moja. Uamuzi huo ulitupatia umoja tunaojivunia. Lakini uliacha pengo: mila ilibaki bila ofisi, bila bajeti na bila mtu wa kuisemea.

Tunduma nayo ina changamoto zake. Ni mji wa malori, wa reli ya TAZARA, na tangu mwaka 2019 una kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde. Watu wamekuja kutoka kila mkoa kutafuta riziki. Mtoto anayezaliwa hapa anakua na Kiswahili, na pengine anaokota Kibemba sokoni. Hili si baya. Lakini lugha ya bibi yake anaisikia likizo tu, akipelekwa kijijini.

Jiwe linaweza kusubiri

Wageni wengi wakiulizwa kuhusu urithi wa Mbozi watataja Kimondo kilichopo katika kilima cha Marengi, Kijiji cha Ndolezi. Ni haki yao, kwa maana kimondo hicho ni miongoni mwa vikubwa duniani. Kina uzio, kina mhifadhi na kina kiingilio. Fedha hufika pale kwa sababu kitu kinaonekana, kinahesabika na kinaingiza mapato.

Nawaomba wanakamati waitazame tofauti hii kwa makini. Jiwe linaweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao, lakini bibi wa miaka 80 hana hakika ya mwaka huo. Wanyiha walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuri ya udongo, wakafua majembe na mikuki. Majembe ya viwandani yalipoingia kwa bei nafuu kazi ile ilikufa, na mafundi wakafa bila kurithisha. Maelezo yake yamo katika maandishi ya watafiti, lakini maandishi hayafui jembe. Ujuzi ukishakatika namna hiyo, hata mhisani aje na mabilioni hana wa kumlipa ili afundishe.

Kwa hiyo tunaposema kugharimia utamaduni, jambo la kwanza ni kugharimia urithishaji: mtu anayejua akae na mtu asiyejua mpaka naye ajue. Jukwaa, sare na tamasha la siku moja huja baadaye, au visije kabisa.

Fedha zipo wapi?

Nchi yetu haikuanza jana. Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaka jamii zijivunie lugha zao za asili, na inawahimiza watu binafsi na mashirika wazikusanye na kuzihifadhi. Mwaka 1998 ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania, kwa msaada mkubwa wa Sweden. Mfuko ule ulitoa ruzuku kwa vikundi, waandishi na wasanii. Lakini kwa kuwa ulitegemea zaidi fedha za nje, wahisani walipojiondoa shughuli zake zilififia. Miaka ya karibuni Serikali imekuja na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaotoa mikopo yenye masharti nafuu kwa wasanii.

Mikopo inamfaa msanii anayeuza kazi yake. Mzee anayemfundisha mjukuu kupiga ngoma hana cha kuuza, hivyo hana cha kurejesha benki. Vivyo hivyo kwa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana chenye kuchonga, kufuma au kutumbuiza kwenye sherehe kinaweza kuomba. Lakini mafunzo yenyewe yanahitaji ruzuku au mchango.

Katika ngazi ya dunia ipo mikataba miwili ya UNESCO inayotuhusu. Wa kwanza ni wa mwaka 2003, unaolinda urithi usioshikika kama vile nyimbo, ufundi na simulizi. Wa pili ni wa mwaka 2005, unaolinda utofauti wa kujieleza kiutamaduni. Tanzania iliridhia yote miwili mwaka 2011, na kila mkataba una mfuko wake. Mfuko wa mkataba wa 2003 hupokea michango ya nchi wanachama, na maombi yake hupelekwa na Serikali. Mfuko wa mkataba wa 2005 hutegemea michango ya hiari. Ulianza kugharimia miradi katika nchi zinazoendelea mwaka 2010, na mradi mmoja hupewa kiasi kisichozidi dola 100,000 za Marekani. Asasi za kiraia zinaweza kuomba, ila maombi hupitia kamisheni ya taifa ya UNESCO kwanza.

Usharika wa Momba hauwezi kuandika barua Paris kesho asubuhi. Fomu ni ndefu, lugha ni Kiingereza au Kifaransa, na washindani ni wengi kutoka mabara yote. Ndiyo maana nasema tuanze na kilicho karibu.

Somo kutoka Busoga na Bujora

Fedha kidogo ikipangwa vizuri hufanya kazi kubwa. Huko Busoga, mashariki mwa Uganda, kuna muziki uitwao bigwala, unaopigwa kwa tarumbeta za vibuyu. Ulikuwa muziki wa kifalme, wa kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme. Falme zilipofutwa Uganda mwaka 1967, muziki huo ulipoteza mahali pake. Ulipoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mabingwa wazee waliobaki walikuwa wanne tu. Msaada uliotolewa baadaye ulikuwa dola 24,990, fedha ambayo miradi mingi ya maji huiona ndogo.

Kilichonigusa ni jinsi walivyoanza. Waligundua kuwa hata vibuyu vya aina inayofaa vilikuwa vimeadimika, kwa hiyo kazi haikuwa ya muziki peke yake. Ilibidi wakulima wapande vibuyu, vijana wajifunze kutengeneza tarumbeta, ndipo wafundishwe kupiga. Walirudi nyuma mpaka kwenye mbegu. Nasi tukijiuliza kuhusu ngoma zetu tutakutana na maswali kama hayo: mti wa kuchonga ngoma bado upo? Ngozi inapatikana wapi? Nani anajua kuiwamba?

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani, na ni wa kanisa. Padri David Clement, mmisionari Mkatoliki kutoka Kanada, alifanya kazi Bujora karibu na Mwanza kuanzia miaka ya 1950. Aliwashirikisha Wasukuma kukusanya vyombo, ngoma na simulizi zao. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968, na kanisa la parokia likajengwa kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu ikawa siku ya Bulabo, ambapo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana. Bulabo imedumu baada ya Padri Clement kwa sababu imo katika kalenda ya watu wenyewe. Haimngoji mhisani atangaze awamu mpya.

Je, si upagani?

Najua swali hili lipo mioyoni mwa baadhi ya wazee wa kanisa, na si la kupuuza. Wamisionari wengi wa mwanzo walikataza ngoma, na babu zetu walioamini waliziacha kwa gharama kubwa. Hatuwezi kuwadharau leo.

Lakini historia ina upande mwingine. Ndugu zetu Wamoraviani walifika Mbozi mwaka 1899. Mmisionari wao Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha kwa bidii na kutafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Kazi ya kutafsiri Maandiko katika lugha za nyanda hizi, zikiwemo Kinyiha na Kindali, ilianza upya mwaka 2003 katika mradi uliowekwa Mbeya na kushirikisha madhehebu mbalimbali. Kwetu Walutheri, Chuo cha Theolojia Makumira kilikuwa mahali ambapo Mchungaji Howard Olson na wanafunzi wake walikusanya tuni za makabila ya Tanzania na kuzitia maneno ya ibada. Mwanafunzi mmoja wa Makumira, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kihaya katika miaka ya 1960. Leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Ujerumani na Marekani. Wahisani wetu wanaosoma jarida hili huenda wanauimba kila Pasaka. Basi katika jambo hili tulitoa pia, hatukuwa wapokeaji tu.

Hata hivyo si kila kilicho cha kale kinafaa kulipiwa. Nashauri kamati zijiulize maswali matatu. Je, desturi hii inalinda utu wa mwanamke, mtoto na mgonjwa? Je, inakubaliana na sheria za nchi? Je, wenyewe wanaoifuata wanataka irithishwe, au ni sisi tunaotaka picha? Ukeketaji, ndoa za utotoni na ramli chonganishi, ambazo zimewatesa wajane na wazee katika mkoa wetu, haziwezi kupita hapo. Nyimbo za kazi, hadithi, methali, ufinyanzi, ususi, upigaji ngoma na lugha zenyewe zitapita.

Mradi mdogo unaweza kuwaje?

Nitoe mfano wa kufikirika ili kamati zione kwamba jambo hili liko ndani ya uwezo wetu. Wazee sita wanafundisha vijana 20 kila Jumamosi kwa wiki 24.

- Nauli na asante ya wazee: Sh. 5,000 kwa kila mzee kila Jumamosi, jumla Sh. 720,000.
- Chakula cha siku ya mafunzo: Sh. 30,000 kwa wiki, jumla Sh. 720,000.
- Kutengeneza ngoma, njuga na vyombo vingine: Sh. 400,000.
- Kurekodi, kuandika na kuhifadhi nakala: Sh. 300,000.
- Siku ya vijana kuonyesha walichojifunza: Sh. 200,000.

Jumla ni Sh. 2,340,000. Usharika ukitoa chakula kwa mahindi na maharage ya washarika, fedha taslimu zinazohitajika zinabaki Sh. 1,620,000. Hata gharama yote ikiingizwa katika mradi wa vijana wa Sh. 60,000,000, ni chini ya asilimia 4.

Katika kuandaa mradi wa namna hii, kamati izingatie yafuatayo.

Kwanza, mwanze na orodha kabla ya kuomba fedha. Katika kila mtaa wa usharika andikeni nani anajua nini, ana umri gani, na kama yupo kijana aliyekwisha kujifunza kwake. Kazi hii inahitaji daftari na miguu tu. Orodha ndiyo itakayowaambia pa kuanzia: pale ambapo anayejua amebaki mmoja.

Pili, posho isiwe mshahara. Mzee akifundisha kwa sababu ya posho, siku posho ikikatika na mafunzo yamekatika. Yale yaliyoupata mfuko wa mwaka 1998 yanaweza kuupata mradi wa mtaa. Mchango wa jamii utangulie, na fedha ya nje ijazie.

Tatu, wazee waulizwe kabla ya kurekodiwa. Waelezwe sauti zao zitatumika wapi, na wawe na haki ya kukataa. Nakala moja ibaki kwa familia, moja usharikani na moja kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Mara ngapi wageni wamekuja, wakarekodi, wakaondoka, na sisi hatukubaki na kitu?

Nne, tupime mambo ya kweli. Tusihesabu maonyesho yaliyofanyika na wageni waliohudhuria. Tuhesabu vijana wangapi wanaweza kuimba wimbo mzima au kuwamba ngoma bila mwalimu kuwa pembeni.

Neno kwa wahisani

Ninyi mnaotuunga mkono, tunawashukuru kwa visima, zahanati na ada za watoto. Hatuwaombi mwache hayo ili mlipie ngoma. Tunaomba mambo mawili. Mtakapoona mstari mdogo wa utamaduni katika andiko letu, msiuhesabu kuwa anasa. Pia mtuvumilie kuhusu muda. Mradi wa miaka mitatu hutaka matokeo ya robo mwaka, lakini kijana hawi bingwa wa ngoma ndani ya robo mwaka, na picha nzuri haithibitishi kwamba amejua.

Na sisi waratibu tuache kutumia kalamu kama nilivyoitumia mimi. Kama bajeti imezidi, tuirudishe kwa kamati na kuwauliza wenyewe wakate nini. Pengine wangekata mafuta ya gari langu.

Ule usharika bado una wazee watano. Mwezi uliopita niliwaandikia kamati yao nikiwaomba waandae orodha upya, bila kungoja mhisani. Wamejibu kwamba wataanza baada ya mavuno, chini ya mwembe wa kanisa, na kwamba chakula watatoa wenyewe. Wameniomba kitu kimoja tu: ngozi mbili za ng'ombe. Hizo nimeahidi kuzileta mwenyewe.